Mti wa Desemba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupiga picha ya mtu. Bwana Jayanti, mwenye studio, alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akaniuliza kama nimemaliza kidato cha nne, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nimewahi kushika kamera, nikasema ndiyo, na hilo la pili lilikuwa uongo. Alijua. Alitoa kabatini kamera ya zamani yenye filamu iliyobakiza picha chache, akanipeleka uani, nyuma ya jengo letu la Mchafukoge. Siku hizi ukisimama pale huoni anga kwa ajili ya magorofa. Wakati ule palikuwa na mwarobaini mkubwa.

"Piga huo," akasema.

"Mti wote, Mzee?"

"Ngozi yake tu. Mtu atapepesa macho, atacheka, atataka kwenda chooni. Mti utakusubiri. Ukiweza kuonyesha mikunjo ya mti, utauweza na uso wa bibi yangu."

Nilipiga saa saba mchana. Picha ziliposafishwa, mwarobaini ulionekana bapa kama ukuta uliopakwa chokaa. Bwana Jayanti hakunikaripia. Aliniambia nirudi pale alasiri, jua likiwa limeshuka. Ndipo nilipojifunza jambo la kwanza katika kazi yangu: mwanga ukipiga usoni moja kwa moja huficha, ukija kutoka ubavuni hufichua. Kila ufa wa ganda ulipata kivuli chake, na mti uleule ukawa kama ramani ya nchi yenye mito mingi. Niliitazama picha ile hadi nikachelewa kwenda kula.

Vijana wanaoniuliza kazi ya picha ilikuwaje zamani hudhani tulikuwa tunabonyeza tu kama wao. Tulianzia gizani. Nilipewa kwanza kazi katika chumba cha giza, chini ya Fundi Mkuu, mzee wa Tanga aliyeweza kupima joto la dawa kwa kidole. Filamu iliingizwa kwenye dawa ya kusafishia, ambayo ndiyo inayoibua sura, kisha kwenye dawa ya kukaza ili sura isififie, kisha maji mengi. Maji yakikatika mtaani, na yalikuwa yakikatika, tulibeba ndoo. Filamu zenyewe zilikuwa za kutafuta. Kuna mwezi tulifunga studio mapema kila siku kwa kukosa karatasi za kuchapia.

Baadaye nikahamishiwa meza ya ritachi. Ritachi ni kuondoa dosari kwenye negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, kabla ya kuchapa. Unaiweka negativu juu ya kioo chenye taa chini yake, unachonga penseli iwe kama sindano, unajaza palipopungua, na kwa ncha ya wembe unakwangua palipozidi. Kovu linaondoka, unywele uliopotea njia unaondoka, uzi uliochomoza kwenye kola unaondoka.

"Mteja hakuja hapa kununua chunusi zake," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Ondoa."

Nikawa hodari wa kuondoa. Nilitembea na wembe wangu mfukoni, umefungwa kwenye karatasi ya sigara, kama seremala anavyotembea na penseli sikioni. Ninautaja wembe huu mapema kwa sababu ndio ulioniponza.

Jumapili studio ilifungwa, na Bwana Jayanti aliniruhusu kuchukua kamera ya zamani kwa sharti moja: Jumatatu nirudi na mti. Nilikuwa nimepanga chumba Kariakoo, karibu na Msimbazi. Nilitoka kabla jua halijapanda, nikapita Mnazi Mmoja, nikaingia Upanga, nikateremka hadi barabara ya baharini na kurudi kwa njia nyingine. Mara mojamoja nilikwenda Pugu na kutwa nzima nikapanda na kushuka vilima vya msitu ule, stendi ya kamera begani. Nilijifunza kuijua miti kwa ngozi kama unavyowajua watu kwa mwendo. Mkwaju una magamba kama mgongo wa mamba. Msufi mchanga una miiba, na ukizeeka miiba inageuka kuwa vinundu butu. Mpera unajibandua, na chini yake una rangi tatu kama shati lililofifia. Mkungu una mistari inayopanda kwa kujisokota, ukiifuata kwa jicho unajikuta umeinua kichwa.

Majirani zangu walinicheka. "Wenzako wanapiga harusi, wanakula pilau, wewe unapiga magogo," alisema jirani yangu mmoja muuza mitumba. "Siku mti ukikulipa uniite." Na pale Upanga kulikuwa na mlinzi wa nyumba moja, mtu wa maneno machache, aliyenikuta nimepiga magoti mbele ya shina.

"Unafanya nini kwenye mti wa watu?"

"Napiga picha."

"Mti umekuomba?"

Nilicheka, naye akacheka, nikaendelea na kazi. Swali lile nimelikumbuka mara nyingi tangu hapo.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Bidhaa zilifurika Kariakoo mithili ya maji ya bomba lililopasuka. Filamu za rangi zikapatikana kila kona, na redio, na nguo, na saa za ukutani zenye ndege anayelia. Wafanyabiashara wa jumla wakaanza kushindana kwa kalenda. Ilikuwa desturi kila Desemba mwenye duka kuwapa wateja wake kalenda ya mwaka unaokuja, jina la duka chini, picha juu. Picha zenyewe zilikuwa zilezile: maua ya Ulaya, magari, wasichana wa nchi nisizozijua.

Mteja wetu mmoja alikuwa muuza jumla wa vyombo, mtu wa Kilimanjaro, tuliyemwita Mangi kama tulivyowaita wenzake wote. Alikuja studio kupiga picha ya pasipoti akaona picha zangu za miti ukutani, ambazo Bwana Jayanti alizitundika ili apime wateja watasemaje.

"Hii ni nini, ramani?"

"Ni mkwaju, Mangi. Uko hapo Mnazi Mmoja."

Akasogea, akarudi nyuma. "Ninaupita kila siku huu. Sijawahi kuuona." Akanigeukia. "Nitengenezee kalenda. Miti kumi na miwili ya hapahapa mjini. Kila mtu atauliza ni nini, na akiuliza atakuwa ameshasoma jina la duka langu."

Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena. Bwana Jayanti alikubali jina langu liandikwe kwa herufi ndogo pembeni. Aliniambia, "Hii ikienda vizuri, kazi zote za nje ya studio zitakuwa zako." Hicho ndicho nilichokitaka kuliko kitu kingine: kutoka mezani, kutoka gizani, kuwa mpiga picha kamili.

Miti kumi na mmoja nilikuwa nayo. Wa kumi na mbili, wa ukurasa wa Desemba, niliutaka uwe mkubwa kuliko yote, nao ulikuwepo Upanga, uani mwa nyumba za ghorofa alikokuwa akiishi Bwana Jayanti na mkewe, Mama Hansa. Ni mti wa jamii ya mkuyu ulioletwa na watu wa kale kutoka India, mizizi yake inaning'inia kutoka matawini kama ndevu. Juu na chini ngozi yake ilikuwa chakavu, imejaa mikunjo. Lakini kwa usawa wa kifua palikuwa na mkanda mpana unaozunguka shina lote, laini, wenye kung'aa, kama ngozi ya kiatu kilichopigwa kiwi kwa miaka. Sikuwahi kuona mti mwingine wenye mkanda ule. Nilifikiri ni aina ya mti.

Juu ya mkanda ule, nyuzi. Nyuzi nyeupe za pamba, mizunguko mingi, zimeloa mvua na kugeuka rangi ya vumbi, na alama za unga mwekundu. Sitajisingizia kutojua. Nilijua ni za ibada ya wanawake wa Kihindu. Sikujua hasa ni za nini, wala za nani, na sikuuliza, kwa sababu ukiuliza unaweza kujibiwa.

Nilizitazama kwa macho ya meza ya ritachi. Uzi uliochomoza. Nikatoa wembe.

Zilianguka chini kwa wepesi. Jua la asubuhi lilikuja kutoka ubavuni, mkanda ukang'aa, nikapiga picha tatu na zote zilikuwa nzuri. Nyuzi nikazisogeza kwa mguu hadi nyuma ya mizizi.

Kalenda ilitoka. Ukipita Kariakoo mwezi ule uliiona kila duka la pili. Mangi alinisimamisha barabarani mbele za watu: "Huyu ndiye mwenye miti." Muuza mitumba aliinunua mahali ambapo ilikuwa ikitolewa bure, akaja kuniambia kwamba mti umenilipa.

Bwana Jayanti alipeleka moja nyumbani. Siku iliyofuata Mama Hansa alikuja studio mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Kila asubuhi alitutumia chupa ya chai ya viungo pamoja na vikombe, kimoja changu chenye ua la bluu, lakini yeye mwenyewe hakuja. Alisimama mbele ya meza yangu, akafungua ukurasa wa mwisho.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Huu ni mti wetu. Uzi wangu uko wapi?"

Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameshazikuta nyuzi nyuma ya mizizi miezi kadhaa kabla, akafikiri ni watoto, au mbuzi. Mwezi ule ule mumewe alianza kubanwa na kifua. Alikuwa amekaa na hofu hiyo bila kumwambia mtu, hadi picha yangu ikamwambia. Wembe hukata sawasawa, mbuzi hatafuni sawasawa.

Hapo ndipo ningeweza kusema neno moja la maana. Nilisema, "Mama, ni uzi tu. Uzi ungeharibu picha."

Aliifunga kalenda taratibu, akaiweka mezani pangu, akatoka. Bwana Jayanti alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha giza, mkono kifuani kama alivyokuwa akifanya siku hizo.

"Kila mwaka baada ya masika," akasema, "wanawake wetu hufunga ule uzi ili waume zao waishi. Siku hiyo hawali kitu. Yule alinifungia mimi."

"Sikujua, Mzee."

"Najua hukujua. Hapa tulikufundisha kuondoa. Kuuliza, tulidhani umekuja nako."

Kesho yake chupa ya chai ilikuja. Kikombe chenye ua la bluu hakikuja.

Sikufukuzwa. Ingekuwa nafuu. Nilirudishwa kupiga picha za pasipoti, na kazi za nje zikasimama. Mangi aliposikia nimenuna alishangaa. "Umepata jina Kariakoo nzima, unanuna nini? Mimi nafungua duka la picha za rangi, mashine inasafisha yenyewe, hakuna giza, hakuna ndoo. Njoo unisimamie."

Nilikwenda. Kosa la wembe ninaweza kuliita ujinga wa kijana. Hili la kuondoka siwezi, kwa sababu niliondoka wiki ambayo Bwana Jayanti alilazwa hospitali, na sikwenda kumwona. Nilipita nje ya hospitali, nikafika hadi getini, nikajiambia kwamba Mama Hansa atakuwa kando ya kitanda na hatataka kuniona. Niliogopa sura yake kuliko nilivyoogopa kifo cha mtu aliyenifundisha kazi.

Duka la Mangi lilijaa watu. Mashine ilitoa picha za rangi kama mkate unaotoka tanurini. Nilivaa shati safi, sikunuka dawa tena. Lakini kila asubuhi, nilipokunywa chai ya dukani, nilijiuliza kama mzee yupo hai, nikawaza kwamba kama hayupo, mke wake atakuwa anajua ni nani aliyekata uzi. Habari nilizipata kwa Fundi Mkuu, nilipokutana naye sokoni akinunua ndimu.

"Yupo," akasema. "Ametoka hospitali. Anakaa barazani, analalamikia chumvi aliyokatazwa." Akazitikisa ndimu mkononi. "Wewe je, miguu yako inauma? Maana Upanga si mbali."

Masika yakaisha. Niliuliza siku ya uzi, kwa mara ya kwanza nikauliza, kwa mhudumu wa duka la nguo wa Kihindu, jirani yetu. Siku hiyo nilitoka alfajiri kwa njia ile ile ya Jumapili zangu, bila kamera. Nilipofika uani wanawake walikuwa wameshaanza. Walivaa nyekundu na kijani, wamebeba maji na matunda. Nikasimama mbali, karibu na geti. Mama Hansa aliniona, akamaliza mzunguko wake, akanifuata.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama mikononi. "Marahaba. Umekuja kukata?"

"Nimekuja kuomba radhi. Kwa uzi, kwa neno nililosema, na kwa kutokuja hospitali."

"Ya tatu ndiyo iliyomuuma yeye," akasema. "Alikuwa anauliza kila jioni, yule kijana hajaja? Mimi namwambia, yuko kazini. Nilikuwa nadanganya kwa ajili yako, na huku nimekukasirikia." Alijifuta jasho kwa upindo wa sari. "Uzi, Mungu ameona nilifunga. Lakini wewe uliniambia ni uzi tu. Ungeniambia hivyo kama ningekuwa mama yako?"

"Nisingethubutu."

"Basi."

Nikatazama mti ili nisimtazame yeye. Na hapo nikaona. Kila mwanamke alizunguka shina, mkono mmoja ukiachia uzi kutoka kwenye donge, na mkono wa pili, kiganja chote, umeegemea gandani na kuteleza kadiri anavyotembea. Viganja vyenye mafuta, vyenye maji, vyenye unga mwekundu. Vilipita palepale, kwa usawa wa kifua. Mkanda ule niliodhani ni aina ya mti ulikuwa ni mikono. Pale niliposafisha ndipo palipokuwa na kila kitu nilichokuwa nakipiga picha.

"Mama," nikasema, "ule mng'ao ni ninyi."

Alitazama mti kama mtu anayeonyeshwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kisha akacheka, kicheko kifupi. "Mama mkwe wangu aliniambia shika mti usije ukaanguka, maana una njaa. Na yeye aliambiwa na mwingine." Akanigeukia. "Kamera yako iko wapi?"

"Sikuleta."

"Unakuja kwenye mti bila kamera, siku hiyo ndiyo unakuwa na adabu. Nenda juu, yupo barazani. Fanya haraka, jua litapanda, mwanga utakuwa mbaya. Mimi ni mke wa mpiga picha, unadhani sijui?"

Nilipanda ngazi. Bwana Jayanti alikuwa amekonda hadi shati limemzidi. Nilishika miguu yake kwa heshima, kama nilivyoona watoto wake wakifanya, naye akaniinua kwa bega.

"Umekuja kuniona mimi au umekuja kuazima kamera?"

"Vyote viwili, Mzee."

"Afadhali mtu mkweli." Akaniambia ilipo. Ilikuwa ile ya zamani, ya siku yangu ya kwanza, na ndani yake filamu nyeusi na nyeupe. "Ukimaliza, usiguse penseli. Wala wembe. Chapa kama ilivyo."

Nilipiga mikono, nyuzi na mkanda. Picha zile nilizisafisha mwenyewe gizani usiku huo, Fundi Mkuu akipima dawa kwa kidole, na sura zilipoibuka kwenye karatasi mzee yule wa Tanga, ambaye hakuwahi kusifia kitu, alisema, "Haya, acha hivyo."

Nilirudi studio. Mangi alinilaumu, kisha akaagiza kalenda ya pili. "Mbona mti una nyuzi? Wateja watadhani ni uchafu."

"Iache hivyo hivyo, Mangi."

"Haya bwana. Wewe ndiye mwenye miti."

Kazi za nje zikawa zangu, na baadaye studio nzima ikawa chini ya usimamizi wangu, hadi nilipostaafu macho yaliponiacha. Chumba cha giza tulikifunga kwa sababu hakuna aliyetaka tena kusubiri. Sina kinyongo. Leo vijana wanapita na simu wanapiga kila kitu, na picha zao nyingine ni nzuri kuliko zangu. Ninachowaambia wanaokuja kuniuliza ni kidogo. Simameni wakati jua liko chini. Tembeeni kwa miguu, kwa sababu mwenye gari huona mti mmoja tu, ule uliompa kivuli. Na kabla hamjaondoa kitu mbele ya lenzi, mwulizeni aliyekiweka, hata kama picha itachelewa. Yangu ilichelewa nusu mwaka, na ningeweza kuikosa kabisa.

Bwana Jayanti aliishi miaka mingi baada ya hapo, akalalamikia chumvi hadi mwisho. Alipofariki, Mama Hansa aliacha kufunga uzi, kwa kuwa mjane hafungi. Anafunga mkwe wake sasa, mke wa mwanawe. Mti bado upo, ingawa umezungukwa na ukuta na magari ya wakazi wapya.

Mwaka huu nilikwenda na fimbo. Mama Hansa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na shina, nywele nyeupe kabisa. Mkwe wake alikuwa anakaribia kuanza, na donge la uzi lilikuwa kwenye mapaja ya bibi yule, lakini mikono yake inatetemeka siku hizi, na uzi ulikuwa ukijifunga fundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wembe umeuacha nyumbani?"

"Nimeuacha, mama."

"Basi kaa hapa. Shika hili donge, uachie polepole, usivute."

Nikakaa chini, mgongo kwenye mizizi. Mkwe akaweka kiganja chake kwenye mkanda ule unaong'aa, akaanza kuzunguka, na uzi ukawa unatoka kati ya vidole vyangu.